Kizibo Kilichonogewa na Maji

Ulikuwa mwaka ambao mvua ilisahau njia ya kurudi nyikani. Mto ulikauka kwanza, mabwawa yakafuata, na mwishowe hata tope la mabwawa likageuka vumbi, upepo ukalichukua kwenda nalo kusikojulikana. Wanyama wakakaa, wakashauriana, wakaanza kuchimba. Walichimba kwa kwato, kwa kucha na kwa pembe, siku kumi na tisa mfululizo. Siku ya ishirini Ngiri, aliyekuwa chini kabisa shimoni, akapiga kelele kwamba pua yake imelowa. Ndivyo kilivyopatikana kisima, na ndivyo ilivyozuka shida ya nani atakilinda.

Simba, mfalme wa nchi hiyo, hakuchimba. Alikaa juu ya jiwe lake akiwatazama wenzake wakichimba, na maji yalipotoka akatangaza kwamba amewapatia raia wake maji. Hakuna aliyembishia. Simba alizaliwa na kiburi chake, na wanyama walikwisha kuzoea kwamba kila jema ni lake na kila baya ni la msimu.

"Nataka mwangalizi wa kisima," akasema. "Mnyama mwaminifu, asiye na tamaa."

"Mimi hapa, Mfalme!" akaitika Fisi kabla sentensi haijaisha. "Mimi maji hata siyapendi. Mimi na mifupa tu. Tena mfupa mkavu."

Simba akaona sababu hiyo inatosha. Isitoshe, Fisi ndiye aliyekuwa akimsomea barua za raia, kwa kuwa Simba aliona kusoma ni kazi ya wadogo. Mfalme hasomi, husomewa. Basi Fisi akawa na vyeo viwili kwa mpigo: alilinda maji, na alipokea malalamiko ya wale walioyakosa.

Haukupita mwezi, Fisi akaja na pendekezo.

"Mfalme, raia wako wanakupotezea wakati. Mnyama ana kiu, lakini badala ya kusema ana kiu, anaandika kwamba koo lake ni jangwa. Mimi nimelichungulia koo hilo. Hakuna jangwa. Ni koo tu. Naomba sheria: katika kila barua inayoletwa kwako, kila kitu kitajwe kwa jina lake. Nani, nini, lini, wapi, basi. Methali marufuku. Mafumbo marufuku. Tashbihi, istiari na ukoo wao wote, marufuku."

Simba hakujua ukoo huo unaishi upande gani wa nyika, lakini hakutaka kuuliza.

"Nimekubali," akasema. "Wapewe siku tatu wawe wamekwisha kuhama nchini."

Ikazaliwa Sheria ya Maneno Manyoofu.

Aliyeguswa zaidi na sheria hiyo alikuwa Sungura, kwa kuwa Sungura ndiye aliyekuwa karani wa umma. Alikaa juu ya kichuguu, magome ya mgunga mbele yake na mwiba wa nungunungu sikioni, akiwaandikia barua wale wasiojua kuandika, yaani karibu wote. Alikuwa mjanja, na alijua kwamba ni mjanja, jambo lililompunguzia ujanja kidogo. Wengi walidhani atanuna. Hakununa. Zamani barua moja ilimlia asubuhi nzima akitafuta mfano unaokaa sawasawa. Sasa alimaliza nane kabla jua halijafika utosini.

"Nani? Nini? Lini? Wapi? Haya, tayari. Mwingine!"

Wale walioandika wenyewe, bila karani, walikiona. Mzee Kobe aliandika kwamba anakufa kwa kiu. Akaitwa kisimani.

"Umekufa?" Fisi akamuuliza.

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi umemwandikia Mfalme uongo."

Kanga naye aliandika kwamba jua linawachapa vifaranga wake. Akaamriwa alete kiboko kilichotumika, kiwe ushahidi. Aliposhindwa kukileta akanyimwa maji siku mbili. Sungura alizisikia habari hizo akacheka. "Wangekuja kwangu," akasema.

Asubuhi moja akaja Digidigi, mnyama mdogo mwenye woga, ambaye hata akitaka kukohoa hutazama nyuma kwanza. Alitazama nyuma mara tatu ndipo akasema.

"Bwana Karani, naomba uniandikie. Mama yangu ni mzee, hawezi kusimama foleni. Nasimama mimi tangu alfajiri, na nikifika mbele naambiwa maji yamekwisha. Lakini hayajaisha. Nimeona."

"Umeona nini?"

Digidigi akashusha sauti. "Bi Fisi anaoga humo. Yeye na wanawe. Na mashemeji kutoka ng'ambo ya kilima, wanakuja na miswaki."

Sungura akachomoa mwiba wake. Sheria ilitaka ukweli mnyoofu, naye akaunyoosha: "Fisi, Mwangalizi wa Kisima, anaoga yeye na jamaa zake katika maji ya kunywa kila asubuhi, huku raia wakirudishwa na vyombo vitupu. Aliyeshuhudia ni Digidigi wa kichaka cha mikole." Akaisoma mara mbili. Hakuna kilichopungua. Akaweka nukta ya mwisho kwa madaha, kama anayemtia mtoto hereni.

Barua ikafika kwa Fisi, kwa kuwa barua zote zilifika kwa Fisi. Fisi hakuwa msomaji mvumilivu. Kazi yake ilikuwa kutafuta jina lake tu, na safari hii alilikuta ni neno la kwanza kabisa. Akalitafuna lile gome, akalimeza, kisha akatangaza kwamba kwa kosa la kumtusi mwangalizi, nyumba ya Digidigi haitapata tone siku saba. Hakuwa na haja ya kuuliza nyumba hiyo iko wapi. Ilikuwa imeandikwa.

Sungura alimpelekea Digidigi nusu ya mgawo wake, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mashemeji wa Fisi wakamwona, na mgawo wake nao ukafyekwa hata haukuwa na nusu ya kugawa. Siku ya tano, adhuhuri, mama yake Digidigi akafa.

Sungura akaenda kuhani. Alimkuta Digidigi amekaa mbele ya kichaka, macho makavu, akitazama mahali pasipo na kitu. Sungura alitaka kusema jambo la kufariji, akafungua kinywa, na kilichotoka kikawa hiki:

"Pole. Mama yako amefariki leo, adhuhuri, nyumbani kwake, kwa kukosa maji."

Akajisikia mwenyewe. Nani, lini, wapi, nini. Akaona haya mpaka masikio yake yakalala.

Digidigi akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo," akasema taratibu. "Nimebaki mlango usio na nyumba."

Sungura akainua kichwa. Akajikuta anaiona nyumba ile isiyokuwepo, na ule mlango umesimama peke yake uwanjani, ukifunguka na kufungika kwa upepo. Akakumbuka barua yake. Ilikuwa na kila kitu, na haikumwonyesha mtu yeyote chochote, isipokuwa Fisi, ambaye ilimwonyesha pa kupiga.

"Bi Digidigi, unisamehe," akasema. "Niliandika kama mvivu."

"Uliandika ukweli, Bwana Karani."

"Niliandika ukweli uchi, nikamkabidhi yuleyule anayeuwinda."

"Ungefanyaje? Kila neno la kwenda kwa Mfalme linapita mkononi mwa Fisi."

Sungura akayarudia maneno hayo moyoni. Kisha masikio yake yakaanza kuinuka, moja kwanza, halafu la pili.

"Linapita mkononi," akasema. "Si lazima lipite kichwani."

Siku tatu Sungura hakumwandikia mtu. Wateja walikuja wakarudi. Yeye alikaa kichuguuni akiandika na kufuta, na magome yaliyoharibika yakajaa miguuni pake. Kumficha Fisi jambo hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa Simba. Mfalme mwenye kiburi ukimwambia alichagua vibaya, ataiacha nchi nzima ife kuliko kukubali. Barua ilipaswa kumpita mmoja bila kuonwa, na kumfikia wa pili bila kumchoma.

Akaandika habari ya mlinzi wa shamba aliyekula mahindi. Akafuta, mlinzi hata Fisi angemtambua. Akaandika habari ya kupe. Akafuta; Fisi anawajua kupe, analala nao. Siku ya tatu, koo limemkauka, akainua kibuyu chake kuona kama kuna tone lililosalia. Hakukuwa na kitu. Lakini kizibo, kipande cha gunzi la mhindi, kilikuwa kizito mkononi mwake, kimelowa na kuvimba. Sungura akakitazama kizibo kile kwa muda mrefu. Kisha akaandika barua yote bila kuinua mwiba.

Akaipeleka mwenyewe kwa Fisi.

"Jina langu limo?" akauliza Fisi.

"Halimo, Mheshimiwa."

"La mke wangu?"

"Halimo."

"Neno kisima?"

"Halipo hata moja."

Fisi akalipitisha gome puani kama anayenusa nyama, kisha akalisoma kwa midomo. "Hii ni habari ya kibuyu."

"Ya kibuyu, ndiyo."

"Na kizibo."

"Na kizibo chake."

"Na hukuficha fumbo humu?" Fisi akamkazia macho.

"Wewe ndiye mjuzi, Mheshimiwa. Ukiona fumbo, likate."

Fisi akatazama tena, kwa makini ya mnyama asiyetaka kuonekana haoni. Aliona kibuyu, aliona gunzi, aliona maji. Vitu vyote vilikuwa na majina yao. Uso wake ukakunjuka. Miezi miwili sasa hakuwa na barua ya kumsomea Mfalme, kwa kuwa zote alikuwa amezitafuna, na Simba alianza kuuliza mbona raia wamenyamaza. Barua kama hii ilikuwa bahati. Nchi ambayo shida yake ni kizibo, mwangalizi wake anastahili kupandishwa cheo.

"Nitaisoma Ijumaa barazani," akasema. "Mbele ya wote. Kwa sauti yangu mwenyewe."

"Utakuwa umetupa heshima, Mheshimiwa," akasema Sungura, akainama sana ili uso wake usionekane.

Ijumaa wanyama wakakusanyika mbele ya jiwe la Mfalme, wamekonda, mbavu zao zikihesabika. Digidigi alisimama nyuma kabisa. Fisi alichelewa. Alipokuja, manyoya yake yalikuwa bado mabichi, na jani la magugu-maji limenasa nyuma ya sikio lake. Akakohoa, akasoma:

"'Kwa Mfalme wetu Simba. Sisi raia wako tunacho kibuyu kimoja tu cha maji, na ndicho uhai wetu. Ukatukatia kizibo cha gunzi, ili maji yasimwagike. Siku ile kizibo kilikuwa kizuri, na mkono ulioshika kisu haukukosea. Lakini gunzi ni gunzi. Limekaa mdomoni mwa kibuyu likaonja, likaonja tena, likanogewa. Sasa kila tukiinua kibuyu tunakikuta kimekonda, na kizibo kimenenepa. Tukiomba maji, kizibo ndicho kinachotujibu kwamba hakuna. Juzi tumemzika bibi mmoja aliyekufa akikitazama kibuyu kwa mbali. Mfalme, hatuombi kibuyu kingine. Tunaomba mwenye kisu akitazame kizibo chake.'"

Fisi akakunja gome kwa furaha. "Umesikia, Mfalme? Nchi nzima, shida yao ni gunzi! Leo hii hii nitawatafutia jingine."

Ngiri aliangalia kwato zake. Mzee Kobe alivuta kichwa ndani, na gamba lake likawa linatikisika.

Simba alikuwa amefumba macho. "Kizibo kilichonogewa," akasema, akacheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika katikati. "Soma tena."

Fisi akasoma tena, safari hii kwa madoido, akipunga mkono.

"Soma tena pale pa kunenepa."

"'Kila tukiinua kibuyu tunakikuta kimekonda, na kizibo kimenenepa.'"

Simba akafumbua macho. Akawatazama raia wake, mmoja baada ya mwingine, mfupa baada ya mfupa. Kisha akamtazama Fisi, aliyesimama akidondosha maji, tumbo lake limeviringika.

"Fisi," akasema. "Mwaka huu, katika nchi yangu, nani amenenepa?"

"Kizibo, Mfalme," akajibu Fisi upesi, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Baraza likapasuka kwa kicheko. Wanyama ambao miezi mingi hawakuwa na nguvu hata za kupiga chafya walicheka mpaka wakaegemeana. Kanga alilazimika kukaa chini. Fisi naye akacheka, akidhani anashangiliwa. Akacheka peke yake muda kidogo baada ya wenzake kunyamaza. Ndipo akaona macho yote yako kwake. Akalikunjua gome, akasoma kimya, midomo ikitembea. Akapeleka mkono nyuma ya sikio, akakuta lile jani.

"Mimi si kizibo!" akafoka.

"Nani amekwambia ni wewe?" akauliza Simba, kwa upole uliotisha kuliko ngurumo.

"Jina langu halimo! Sheria inataka mshtakiwa atajwe! Hii... hii ni istiari, Mfalme! Imerudi nchini! Ikamatwe!"

"Umeileta mwenyewe," akasema Simba, "na umeisoma mara tatu. Sungura! Kizibo cha namna hii hufanywaje?"

Sungura akasogea mbele. Alikuwa na mengi ya kusema: miswaki, mashemeji, siku saba, adhuhuri ile. Akamtazama Digidigi kule nyuma, akayameza yote.

"Mfalme, hilo analijua mwenye kisu peke yake."

Simba akapendezwa na jibu hilo. Kifua chake kikajaa. "Ni kweli," akasema, "najua. Twendeni kwanza tukakione hicho kibuyu."

Wakaenda wote, Fisi katikati yao akijaribu mara tatu kufunga kiatu ambacho hakuwa amevaa. Walipofika kisimani walimkuta Bi Fisi ndani ya maji mpaka mabegani, wanawe wakirushiana matope, na mashemeji wamejipanga ukingoni, kila mmoja na mswaki wake.

"Baba Fulani," Bi Fisi akalalamika, "unaniletea wageni bila kuniarifu?"

Simba alimvua Fisi vyeo vyote viwili papo hapo. Akaamuru yeye na jamaa zake wachote maji na kuwapelekea wazee wote wasioweza kusimama foleni, nyumba kwa nyumba, nao wanywe wa mwisho. Fisi aliifanya kazi hiyo siku mbili. Siku ya tatu alitoroka ng'ambo ya kilima na ukoo wake, mashemeji wakimlaani njia nzima kwamba ameshindwa hata kusoma. Kisima akakabidhiwa Mzee Kobe, kwa hoja kwamba hata akishawishika kukimbia na maji, atafikiwa.

Jioni ile ya baraza Digidigi alikunywa mpaka akatosheka. Kisha akaenda kando, nyuma ya mawe, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza. Sungura alimsikia, hakumfuata. Alipotoka, Sungura akampa mwiba mmoja wa nungunungu na gome safi.

"Sijui kuandika, Bwana Karani," akasema Digidigi.

"Herufi nitakufundisha mimi," akajibu Sungura. "Hayo mengine unayo."

Sheria ya Maneno Manyoofu ikafutwa. Simba alimweleza kila aliyemsikiliza kwamba yeye aliielewa barua ile tangu neno la kwanza, na kwa kweli alikuwa amekwisha kumshuku Fisi kabla haijaandikwa. Baraza lililofuata zilifika barua arobaini, na zote zilikuwa za vibuyu. Moja iliandikwa na Ngiri, ambaye kibuyu chake kilikuwa kimevunjika kweli na alitaka kingine. Simba aliishughulikia barua hiyo mchana kutwa, akimtazama kila mnyama kwa jicho la pembeni, ajue kibuyu ni nani, na nani aliyemvunja. Ngiri akarudi nyumbani bila kibuyu.

Wao waliishia hapo; sisi tuliorithi maneno yao tunasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.